Hatua Sabini kwa Sabini

Kijijini kwetu, juu Ufipa, palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa kila shamba lilipouzwa. Hakuja na kamba wala futikamba. Alikuja na miguu yake. Alivua makubazi akayaacha kwenye kona ya kuanzia, akakohoa kidogo, akaanza kutembea huku midomo ikihesabu bila sauti. Zikitimia hatua sabini anachomeka kijiti, anageuka, anahesabu nyingine sabini. Hatua sabini kwa sabini ni ekari moja. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule, na sehemu nyingi za Tanzania ndivyo ilivyo mpaka leo, hata kama vitabu vinasema vingine. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa mrefu kama mlingoti. Wanunuzi walimpenda, wauzaji, ikifika siku ya kupima, walikuwa na kila udhuru wa kumtafuta mtu mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, nikimbebea vijiti. Siku moja nilimwuliza kwa nini asipunguze hatua kidogo, watu wasinung'unike. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apunguze pua.

"Hatua ni hatua, mjukuu wangu," akasema.

Baadaye nikawa mpima ardhi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimelisha wanangu kwa mnyororo, kwa theodolaiti, na mwishoni kwa vile vipokezi vya setilaiti ambavyo vijana wa siku hizi wanavibeba begani kama mwavuli. Nimesimika bikoni ambazo nyingine zimeng'olewa na watu kabla saruji haijakauka. Lakini kilichonirudisha kwa yule mzee si kazi yangu. Ni Warumi.

Sekondari nilisoma seminari, na Kilatini kilikuwa somo kama hesabu: unafaulu au unafungasha sanduku. Mwalimu wetu alikuwa padre mzee, mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Kipindi kimoja tulikuwa tunafasiri kutoka kwa mwanahistoria Livius habari za Cincinnatus, mwaka 458 kabla ya Kristo. Wajumbe wa baraza wanavuka mto Tiber kumtafuta mtu wa kuliokoa jeshi lililozingirwa, wanamkuta shambani kwake akifanya kazi. Anajifuta jasho na vumbi, anamwambia mkewe amletee toga kutoka kibandani, anavaa, na hapo hapo anasalimiwa kama dikteta wa Roma. Shamba lenyewe lilikuwa iugera nne. Zamu ilikuwa yangu. Kamusi ilikuwa moja kwa darasa zima na ilikuwa upande wa pili, nami sikutaka kuonekana nimekwama.

"Ekari nne," nikasoma kwa sauti.

"Ekari ya nani?" akauliza padre.

Darasa likacheka. Padre hakucheka. Akaenda ubaoni, akachora mstatili, upande mrefu akaandika 240, upande mfupi 120. "Futi," akasema, "lakini si hizo za rula yako." Kisha kengele ikalia, na swali likabaki ubaoni mpaka mtu wa zamu alipolifuta.

Neno lenyewe kwa Kilatini ni iugerum, wingi wake iugera. Hapa nitasema yugera kwa umoja na kwa wingi, maana ulimi wetu unalipokea hivyo bila ugomvi. Linatokana na iugum, yaani nira, na sisi watoto wa Ufipa hatukuhitaji kuelezwa nira ni nini. Plinius Mzee, yule aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo Vesuvius ulipolipuka, anaandika kwamba yugera ni eneo ambalo nira moja ya maksai inaweza kulilima kwa siku moja. Ule upande mfupi wa futi 120 nao una jina lake, actus, na maana yake ni mwendo: umbali ambao maksai wanavuta plau kwa mkupuo mmoja. Columella, mwenyeji wa Gades huko Hispania aliyeandika vitabu kumi na viwili vya kilimo katika karne hiyo hiyo, anaonya kwamba mfuo mrefu kuliko futi 120 unawaumiza wanyama.

Maksai wa baba walikuwa wawili, mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa. Baba alishika plau nyuma, mimi nilitangulia na kamba. Wakifika mwisho wa mfuo walisimama wenyewe kabla hawajaambiwa, povu mdomoni, mbavu zikipanda na kushuka, na yule wa madoadoa alikuwa na tabia ya kugeuza shingo kumtazama baba kama mtu anayeuliza kama bado ni lazima. Baba hakuwahi kuwapiga pale. Alisubiri. Ukiwa mtoto unaona kusubiri kule ni uvivu. Nilipokuja kukutana na ile futi 120 kitabuni nilikuwa nimeshaielewa kwa miguu yangu. Ilikosa tu jina.

Sasa tuigeuze yugera iwe mita. Futi ya Kirumi inakadiriwa kuwa milimita 296. Mkupuo mmoja wa maksai, futi 120, unakuwa mita 35 na nusu. Mara mbili yake, yaani upande mrefu wa yugera, ni mita 71 na nukta. Zidisha pande mbili: yugera ni mita za mraba 2,523, ambayo ni robo hekta na chenji. Kwa mtu anayesoma vitabu vya Kirumi jioni kwa raha yake, hesabu inaishia hapo: gawanya kwa nne upate hekta, na kosa lako halifiki asilimia moja. Shamba la Cincinnatus lilikuwa hekta moja. Kwa ekari, zile za kitabu zenye mita za mraba 4,047, ni mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimempa nne. Baba yangu, ambaye hakuna mjumbe aliyewahi kuvuka mto kumfuata, alikuwa na ardhi kubwa kuliko dikteta wa Roma.

Ila Plinius na ile siku yake moja nina shaka naye, na shahidi wangu ni Columella mwenyewe. Anapopiga hesabu za vibarua, anasema yugera ya ardhi yenye rutuba inahitaji siku nne za kazi mpaka mbegu iwe imefunikwa: mbili za kuvunja ardhi, moja ya kurudia, robo tatu ya siku kwa mara ya tatu, na robo iliyobaki ya kufukia mbegu. Kwa hiyo siku moja ni ya kurudia tu, ardhi ikiwa imeshavunjwa. Plinius alikuwa mtu wa maktaba. Baba alivunja ekari kwa siku tatu, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha udongo, akianza alfajiri na kufungua nira jua likiwa kichwani. Ukigawa ekari ya kitabu kwa tatu unapata mita za mraba 1,349 kwa siku. Yugera ya Columella kwa siku mbili ni 1,262. Miaka elfu mbili katikati, bahari na jangwa katikati, na tofauti haijai ukumbi wa shule. Nikichukua ekari ya yule mzee mrefu badala ya ile ya kitabu, basi baba alikuwa na maksai wazuri zaidi kuliko nilivyodhani.

Nilipostaafu, rafiki yangu mmoja, naye padre, akaniletea kazi. Alikuwa anaandaa maelezo kwa wanafunzi wake juu ya wakulima wa kale, Cato, Varro na huyu Columella, na kila ukurasa ulikuwa na vipimo. "Wewe si mpima, mzee wangu? Nigeuzie hivi viwe mita." Nilifanya jioni moja, redio ikiwa imewashwa. Jedwali safi, safu mbili, Kirumi kushoto, mita kulia. Nikalituma. Akalitoa nakala arobaini.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amefungua picha za setilaiti za kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Cesena, kwa sababu mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kule miraba ya mashamba ya Kirumi bado inaonekana. Na kweli inaonekana: barabara, mitaro na mipaka vimekatana kama daftari la hesabu. Mraba mmoja ni centuria, au tuseme senturia, na kila upande ni futi 2,400. Kijana akachukua kile kirula cha kwenye programu, akapima. "Anasema mraba wa mzee hautoshi," padre akaniambia, na nilisikia anavyojizuia kucheka. "Jedwali lako linasema mita 731. Yeye anapata kama 710."

Nilijua kosa kabla sijakata simu. Nilipoanza kazi, ramani za zamani tulizorithi zilikuwa za futi, na mkono wangu ulizoea kuandika 0.3048 kama unavyozoea kuandika jina lako. Nilikuwa nimechukua futi ya Mwingereza nikamvika Mrumi. Tofauti ni milimita 8.8 kwa futi, chini ya upana wa kidole. Lakini haba na haba hujaza kibaba: kwa futi 2,400 inakuwa mita 21, na ukipanga senturia kumi mfululizo unakuwa umepotea mita 211, barabara imeingia ndani ya nyumba ya mtu. Kwenye eneo ni mbaya zaidi, kwa sababu kosa linazidishwa mara mbili, mara ya urefu na mara ya upana. Yugera yangu ilikuwa 2,676 badala ya 2,523. Nilikuwa nimewagawia Warumi asilimia sita ya ardhi ambayo haipo. Nimewahi kumwona mpima akipelekwa mahakamani kwa chini ya hapo.

Ekari ya nani? Miaka arobaini na kitu ilikuwa imepita, na bado sikuwa nimejibu.

Basi nikakaa kujifunza upya, kama mwanafunzi wa zamu. Futi ya Kirumi tunaijua kutoka wapi? Kuna rula za shaba zinazokunjika katikati, zilizochimbuliwa katika magofu. Kuna makaburi ya mafundi na wapima ambayo ndugu zao walichonga juu yake vifaa vya kazi, rula ikiwemo. Kuna majengo yenyewe, ambayo ukiyapima na kugawa unaona futi inajitokeza. Hakuna rula mbili zinazolingana sawasawa, na hiyo haikunishangaza; nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi ununue futikamba tatu za bei rahisi uone. Kiwango rasmi walikiita futi ya Moneta, kwa sababu ya hekalu la Juno Moneta pale mlima wa Capitolium.

Lakini hiyo ilikuwa ya Roma. Mpima mmoja wa Kirumi aitwaye Hyginus aliacha maelezo ambayo kila mpima mchanga angepaswa kuyasoma. Anasema huko Cyrene, ambayo leo ni Libya, ardhi ambayo mfalme Ptolemaios Apion aliwaachia Warumi kwa wosia ilipimwa kwa futi ya Ptolemaios, iliyozidi ile ya Moneta kwa sehemu moja ya ishirini na nne. Na kwa Watungri, kaskazini huko Germania, kulikuwa na futi ya Drusus iliyozidi kwa sehemu moja ya nane. Ukizigeuza, ya Cyrene inafika milimita 308 na ya Drusus 333. Mtu anayekuambia kwamba yugera ni kiasi fulani na kunyamaza hapo hajakuambia ilikuwa wapi.

Kwetu wapima jambo hili lina sura nyingine. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, na vipokezi vya setilaiti vinatumia WGS84. Namba zinafanana, zimeandikwa kwa mpangilio uleule, zote zinaonekana halali. Ukichukua za huku ukazitumia kule, shamba linasogea mamia ya mita bila mtu kugusa bikoni. Nimewaambia vijana wangu hivyo maisha yangu yote. Kumbe nilikuwa nawaambia wao tu.

Jambo la pili lililonikera, na hili si kosa langu peke yangu, ni nukta. Niliporekebisha jedwali kikokotoo kilinipa yugera yenye mita za mraba 2,523.3408. Inapendeza kwa macho. Ni uongo. Futi ya Kirumi ikiwa imekosewa kwa milimita moja tu huku au kule, na hakuna atakayekula kiapo kwamba haijakosewa, yugera inaweza kuwa popote kati ya 2,506 na 2,540. Hizo ni mita za mraba 34, kibanda kizima na jiko lake. Sasa ile nane ya mwisho baada ya nukta inapima nini? Nimeandika kwenye jedwali jipya: robo hekta, takribani mita za mraba 2,520. Padre akalalamika kwamba halionekani la kitaalamu.

Warumi wenyewe hawakuwa wavivu wa vipande vidogo. Hawakugawa kwa kumi kama sisi. Waligawa kwa kumi na mbili. Sehemu moja ya kumi na mbili ya yugera ni uncia, mita za mraba 210 hivi, nusu ya kiwanja cha ishirini kwa ishirini ambacho dalali wa Dar es Salaam atakuambia kinatosha familia na uani. Kidogo kuliko vyote ni scripulum, sehemu moja ya 288 ya yugera. Ukisikia 288 unadhani ni ukorofi tu, mpaka ujue kwamba mpima alibeba fimbo ya futi kumi, na scripulum ni fimbo moja kwa fimbo moja. Mita tatu kasoro kidogo kwa mita tatu kasoro kidogo: chumba cha kupanga. Yaani kipande kidogo kabisa walichokihesabu kwenye ardhi kilikuwa ni kile ambacho mpima angeweza kukionyesha kwa kulaza fimbo yake chini mara mbili.

Kwenda juu nako kuna utaratibu. Yugera mbili ni heredium, heredi, fungu la urithi. Varro anasimulia kwamba Romulus ndiye aliyemgawia kila raia kiasi hicho. Heredi mia moja ni senturia, hekta 50 na nusu. Neno senturia linatokana na mia, na ukihesabu yugera ndani yake unapata mia mbili. Varro ameliona hilo: mwanzo ilikuwa yugera mia, anasema, baadaye ikaongezwa mara mbili, jina likabaki. Nampenda Varro kwa sentensi hiyo. Hakuona aibu kusema kwamba namba ilihama nyumba na jina likabaki kulinda mlango. Ekari yetu ya sabini kwa sabini ni hivyo hivyo. Ukiipima kwa hatua za mita moja ni mita za mraba 4,900, na mtu wa ardhi akija na kitabu chake cha 4,047 wanakijiji wanamwona yeye ndiye mwizi.

Faida ya kugeuza vipimo niliiona nilipofika kwenye makoloni. Livius anataja mwaka na kiasi. Mwaka 189 kabla ya Kristo, Bononia, Bologna ya leo: askari wa farasi yugera 70, wengine 50. Mwaka 183, Parma yugera 8 kila mtu, Mutina, ambayo sasa ni Modena, yugera 5. Ukiyasoma hivyo hivyo ni namba tu zinapita. Yageuze: mtu wa Bologna alipewa zaidi ya hekta 12, mtu wa Modena hekta moja na robo, na miji hii miwili haifiki mwendo wa siku mbili kwa miguu. Hapo unaanza kuuliza maswali ya mtu mzima. Hekta moja na robo, ngano, shamba lenye kupumzishwa kila baada ya mwaka mmoja kama walivyozoea, mke, watoto, pengine na ng'ombe: wanakula nini? Na ile nusu hekta ya Romulus? Nimepima mashamba ya nusu hekta, na mwenye nayo siku zote ana kitu kingine pembeni: malisho ya kijiji, kibarua kwa jirani, mtoto mjini anayetuma chochote. Wanahistoria wanaposema kwamba wale Warumi wa kwanza lazima walikuwa na ardhi ya pamoja ya kulishia, siwapingi hata kidogo. Upande mwingine, sheria inayotajwa kuwa ya mwaka 367 kabla ya Kristo iliweka kikomo cha yugera 500 za ardhi ya umma kwa mtu mmoja, na kikomo hicho ndicho mwanasiasa Tiberius Gracchus alichotaka kukifufua mwaka 133, akauawa. Hekta 126. Nimekutana na watu wanaomiliki zaidi ya hapo na hawawezi kukuonyesha kona mbili.

Kabla sijasahau: gridi hizi za senturia ziko pia Afrika, Tunisia. Aliyeziona kwanza alikuwa mwanamaji wa Denmark, Christian Tuxen Falbe, balozi mdogo wa nchi yake huko Tunis, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1833. Alikuwa akichora ramani ya Carthage, akagundua kwamba njia na mipaka ya mashamba inakatana kwa umbali uleule kila mara, na kwamba umbali huo ni futi 2,400 za Kirumi. Hakuwa na ndege wala setilaiti. Alikuwa na vifaa vya kupimia, na alijua atumie futi ya nani. Kusini mwa Tunisia yamepatikana mawe ya mipaka yaliyosimikwa na wapima wa Legioni ya Tatu Augusta mwaka 29 na 30 baada ya Kristo. Mawe ya Kirumi, miaka elfu mbili, bado yapo. Bikoni zangu nimeshasema.

Mwaka jana nilirudi kijijini na wazo la kitoto. Nilitaka kupima heredi moja kwa namna yao, bila kifaa chochote cha kwangu. Chombo chao kiliitwa groma. Vipande vya kimoja vilichimbuliwa Pompeii mwaka 1912, ndani ya karakana ya mtu aitwaye Verus. Ni msalaba uliolala juu ya mti, na kila ncha ya msalaba inaning'inia timazi. Unafunga jicho moja, unalinganisha kamba mbili zinazotazamana, ukimwelekeza mwenzako aliyeshika mti kule mbali, na huo ndio mstari wako. Kamba mbili nyingine ni kona ya mraba. Nilitengeneza cha mbao, timazi zikiwa nati nne za trekta. Fimbo ya futi kumi nikaikata kwenye mwanzi: mita 2 na sentimita 96.

Ufipa kuna upepo. Nati zikacheza kama kengele za mbuzi, na kila nilipofunga jicho mstari ulikuwa umeshahama. Heron wa Alexandria, mhandisi wa kale, alikilaumu chombo hiki kwa sababu hiyo hiyo, anasema kamba hazitulii, na kwamba wengine walijaribu kuzifunika kwa mirija wakashindwa. Nilitumbukiza nati kwenye makopo manne ya maji, ujanja wa wapima wa zamani, zikatulia. Tulilaza mwanzi mara ishirini na nne kila upande, wajukuu wawili wakibadilishana, mmoja anakaza kidole chini pale mwanzi unapoishia asiutoe mpaka mwingine afike. Ilichukua asubuhi nzima. Tulipomaliza nikasaliti kidogo nikatoa futikamba kupima ulalo: mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita arobaini. Kwa nati za trekta, nilijisikia kumpigia Verus saluti.

Tulikuwa tumekaa kwenye kona tunakunywa togwa alipopita mjukuu wa yule mzee mrefu. Naye ni mrefu. Naye, nasikia, ndiye anayeitwa siku hizi shamba likiuzwa. Tukaamkiana, akaangalia vijiti vinne, akaangalia makopo ya maji, hakuuliza. Akavua makubazi akayaacha kwenye kona. Akaenda upande wa kwanza, midomo ikihesabu bila sauti, akageuka, akaenda wa pili, akarudi.

"Ekari," akasema. "Imezidi hatua moja kila upande. Unamwuzia nani?"

Nikamwambia siuzi. Nikamweleza kwamba hicho ni kipimo cha Warumi wa kale, kwamba wanasema mfalme wao wa kwanza, Romulus, ndiye aliyemgawia kila mtu wake kiasi hicho, sawasawa na hapo kwenye vijiti.

Akatazama tena kutoka kijiti hadi kijiti, akapiga hesabu zake.

"Alikuwa mrefu," akasema, akavaa makubazi.